Wapagazi wa Zamani na Wachukuzi wa Ghala Zetu

Katika sherehe hii ya mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu mengi yatasemwa juu ya bei ya pamba, mikopo na magari tuliyonunua, nayo ni habari njema. Lakini tulipofungua daftari za misimu ya kwanza ili tuandike historia hii, tuliona mstari mmoja ukirudiwa kila mwezi: vibarua wa ghala, vichwa kumi na viwili. Jina hata moja hapana. Jambo hilo lilitukumbusha habari ya kale, nasi twaona yafaa isimuliwe hapa kwa kuwa ni habari ya mababu zetu.

Kabla ya reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mali ya bara ilikwenda pwani juu ya mabega ya watu. Punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake aliongeza mkeka wake na chungu chake. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ilikuwa safari ya miezi miwili au mitatu. Mbele alitangulia kirangozi aliyeijua njia. Wabeba pembe kubwa za ndovu walijiona mabwana, hata wakafunga njuga katika pembe ili wasikike wakija.

Kazi hiyo haikuwa aibu. Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo kulikuwa kipimo cha uanaume. Nao waliijua thamani yao. Ujira ulipatanwa kabla mzigo haujainuliwa, kwa merikani, kaniki au ushanga. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku. Posho ikipunguzwa, mizigo ilitua chini, na mwenye mali hakuwa na la kufanya ila kuketi mpaka wasikilizane. Hatusemi kwamba mateso hayakuwako: wengi walikufa njiani kwa ndui na njaa, na katika misafara hiyo walikuwamo watumwa. Lakini mpagazi huru alikuwa mtu mwenye jina.

Heshima hiyo ilivunjwa na vita ya 1914 hata 1918. Waingereza na Wajerumani wote walihitaji wachukuzi, wakawatwaa watu mashambani kwa nguvu. Walilishwa unga wasiouzoea, tena mara nyingi haukuiva, wakafa kwa kuhara damu na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria hukadiria kwamba walikufa kama laki moja. Wengi hawakuandikwa vizuri jina wala kijiji, kwa hiyo ujira wa maelfu ya marehemu ulibaki serikalini, wala haukuwafikia wajane na watoto wao. Kambi yao ya Dar es Salaam iliacha jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Sanamu iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 ni ya askari na bunduki yake; mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini.

Basi na sisi tujitazame. Mkulima aliyeinama shambani msimu mzima, mikono ikachubuka kwa kuchuma, afika ghalani na kumwita mzee aliye rika la baba yake, "Wewe kibarua!" Neno hilo maana yake ni barua ndogo, kile cheti cha kuhesabia siku za kazi. Tumemwita mtu kwa jina la cheti chake. Na mfagiaji je? Yeye ndiye anayeondoa uchafu usichanganyike na pamba safi ikageuka fifi, na kuzoa nyuzi zilizotapakaa ambazo cheche moja yatosha kuziwasha. Twakiri pia, ingawa si jambo la kupendeza siku ya sherehe, kwamba msimu mmoja fedha zilipochelewa, posho ya wajumbe ililipwa kwanza na wachukuzi wakangoja majuma matatu.

Mkutano mkuu wa mwaka huu ulibishana sana juu ya mambo haya. Wengine walisema ni kumwongezea karani kazi bure. Mwisho walio wengi walikubali kwamba kila mchukuzi, mfagiaji, mlinzi na mpishi aandikwe jina lake, kijiji chake, siku zake na ujira wake, na kwamba ujira huo utangulie posho ya kikao chochote.

Majina ya waliotumika msimu huu yamepigwa chapa nyuma ya kijitabu hiki, baada ya picha ya Kamati. Majina ya misimu minne ya kwanza hatukuyapata. Mwanachama anayemkumbuka yeyote kati yao, aliye hai au marehemu, na amwambie karani wa chama chake cha msingi kabla ya mizani kufunguliwa.