Engaruka: Kijiji cha Mifereji

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, pale ambapo nyanda za juu za Ngorongoro hukoma ghafla na tambarare kame kuanza, kipo kijiji kiitwacho Engaruka. Mvua zake ni haba mno, na mkulima anayetegemea mawingu peke yake hawezi kuvuna huko. Hata hivyo watu walilima, tena kwa wingi, kwa kuwa maji hushuka kutoka milimani nao wakajua kuyaongoza.

Tangu karne ya 15 hadi ya 18 hivi, wenyeji wa kale walijenga vijiji saba kwenye mteremko. Walisawazisha viwanja kwa kuta za mawe, na juu yake wakasimamisha nyumba zao. Chini ya vijiji hivyo palikuwa na mashamba yapatayo kilomita za mraba 20. Zao kuu lilikuwa mtama, na ng'ombe walifugwa mazizini karibu na nyumba.

Tuitazame kazi ya mfereji, maana ndiyo kiini cha habari hii. Maji yalikingwa yanapotoka bondeni, yakafuatishwa ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana: ukizidi, maji hubomoa kingo, ukipungua, hutuama. Mifereji mikubwa iligawa maji kwa midogo, nayo ikayafikisha katika vijishamba vilivyozungushiwa mawe. Yote hayo yalijengwa bila saruji. Uchunguzi wa Daryl Stump, katika karne hii ya 21, umeonyesha jambo la ajabu zaidi: baadhi ya mashamba hayo hayakukutwa pale, bali yalitengenezwa. Wakulima walizuia maji ya mto kwa mawe ili tope litulie, tabaka juu ya tabaka, mpaka udongo wa kulimwa ukapatikana.

Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikisia kwamba wakazi walizidi 30,000. Wataalamu waliomfuata, akiwamo John Sutton, wameipunguza hesabu hiyo hadi maelfu machache. Kwa maoni yetu, kadiri watu walivyokuwa wachache ndivyo kazi yao inavyostahili heshima zaidi.

Kwa nini waliondoka? Wapo wanaotaja kupungua kwa vijito, wapo wanaotaja kuchoka kwa ardhi, na wapo wanaotaja kuenea kwa wafugaji wa Kimaasai. Huenda sababu hizo zilisaidiana. Wengine huwahusisha wajenzi hao na Wasonjo, ambao hata leo hulima kwa mifereji kaskazini ya hapo. Wasomaji wetu wa Kilimanjaro, waliolelewa kando ya mifongo, hawataona ugeni katika maarifa haya.

Leo Engaruka ni makazi ya Wamaasai pamoja na wakulima waliotoka sehemu mbalimbali. Mahindi, maharage na migomba hustawi kwa maji ya Mto Engaruka, ambao ungali unatiririka mwaka mzima, na kilimo hicho kipya kinazidi kusogelea magofu. Mawe yaliyopangwa na mababu huondolewa ili jembe lipite. Nasi hatuwezi kumlaumu mwenye njaa. Lakini mbali na mto huo, kwenye vijito vilivyokauka, mifereji ya kale ingali inaonekana ubavuni mwa mlima, mikavu, na mbuzi huivuka wakielekea malishoni.