Mtama Uliokuwamo Kwenye Maji ya Ngarambe

Ukisikia Ngarambe, huko kusini mwa mto Rufiji, haraka unamkumbuka Kinjikitile Ngwale na dawa yake ya vita. Je, unajua ndani ya dawa ile kulikuwa na nini? Simulizi zinataja maji, mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Vita vya Majimaji tumezoea kuvisoma kama habari za pamba na risasi. Leo tuvitazame kwa upande wa mbegu.

Julai 1905, kule Nandete, Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Pamba hailiwi, na ilikuwa inawanyima muda wa kulima chakula. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro, lakini vita vikaendelea bila yeye. Hapo jeshi la Gavana von Götzen likageuza njaa kuwa silaha: vijiji vikachomwa, mazao yakateketezwa, akiba ikachukuliwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa.

Sasa sayansi inaingia wapi? Mkulima wa wakati ule hakununua mbegu dukani. Alichagua masuke bora, akayaning'iniza juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Na kwa kuwa mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, sifa za mbegu hudumu msimu hadi msimu: huu hukomaa mapema, ule una uchungu ambao ndege hawaupendi, mwingine huvumilia ukame. Kwa hiyo njaa ikikulazimisha kula mbegu, unakula pia kazi ya kuchagua iliyofanywa na vizazi vingi.

Hasara hiyo ina uzito gani? Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kila ulikofika ulizoea udongo, mvua na wadudu wa pale, ndiyo maana leo una aina nyingi kiasi hiki. Wanasayansi walichapisha jenomu yake mwaka 2009. Lakini anayezalisha mbegu bora bado anahitaji mmea wenye jeni anayoitafuta.

Chukua mfano wa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mbegu zake hulala ardhini mpaka ziamshwe na kemikali inayotoka kwenye mizizi hiyo. Ipo mitama ambayo hutoa kemikali hiyo kidogo sana, basi kiduha kinaendelea kulala. Gebisa Ejeta, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia, alitumia sifa hiyo kuzalisha mbegu zinazokihimili kiduha, na mwaka 2009 akapata Tuzo ya Chakula Duniani. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha mbegu mbili za namna hiyo, Hakika na Wahi. Sifa yenyewe haikubuniwa maabara. Ilikuwamo tayari kwenye mtama, ikisubiri mtu aitambue.

Siku hizi tuna benki za mbegu, ikiwemo ya taifa pale Arusha. Ni jambo zuri, ila benki hutunza kile tu kilichokusanywa. Mtama ulioliwa au kuchomwa 1906, kama haukubaki hata kwa jirani, hauko kwenye jokofu lolote.

Kwa hiyo ukienda kijijini ukamkuta bibi analima mtama ambao dukani haupo, muulize anauitaje na kwa nini hajauacha. Kisha mwombe mbegu kidogo.