Mulholland Drive: Kama Ilikulemea, Anzia kwa Diane

Mulholland Drive ni movi ya David Lynch ya 2001. Dem anaponea ajali Los Angeles, kumbukumbu zote zimefutika. Anajiita Rita, jina ameokota kwa bango la movi ya Rita Hayworth. Betty (Naomi Watts), mgeni anayesaka ustaa Hollywood, anamsaidia kujua yeye ni nani.

Chunga, spoila ziko hapa. Sanduku la buluu likifunguliwa, kila kitu kinageuka. Watts sasa ni Diane, msanii aliyekwama. Rita (Laura Harring) ni Camilla, staa aliyemtema, na Diane amelipa msee amuue.

Wengi wanaisoma hivi: Betty ni ndoto ya Diane, ule mtu alitamani kuwa kabla roho imsute. Lynch, aliyeaga 2025, alikataa kuichambulia watu.

ABC walikuwa wameikataa ikiwa kipindi cha runinga, ndio pesa za Ufaransa zikaimalizia. Cannes 2001, Lynch akabeba tuzo ya mwongozaji bora, sare na Joel Coen. 2016, wachambuzi waliopiga kura ya BBC waliipa namba 1 karne hii.

Ukiirudia usisake muuaji. Cheki vile Diane anajikimbia.