Kampung Laut: Wajava na Wasunda kwenye Hori la Segara Anakan

Segara Anakan ni hori pana la maji ya chumvi lililo kwenye pwani ya kusini ya kisiwa cha Java, nchini Indonesia, na kati yake na Bahari ya Hindi kimelala Nusakambangan, kisiwa chembamba chenye misitu na miamba ya chokaa ambacho kwa urefu wa takriban kilomita 30 hupokea mawimbi ya bahari kuu na kuyaacha maji yaliyo nyuma yake yakiwa shwari. Maji ya bahari huingia na kutoka kwa milango miwili, mmoja upande wa magharibi na mwingine upande wa mashariki karibu na mji wa bandari wa Cilacap, nayo mito kadhaa inayotoka bara humwaga humo maji matamu pamoja na tope, na mkubwa kuliko yote ni mto Citanduy, ambao sehemu zake za chini ndizo mpaka kati ya mkoa wa Java Magharibi, wenye Wasunda wengi, na mkoa wa Java ya Kati, ulio nchi ya Wajava. Ndani ya hori hilo kuna vijiji vinne, Ujung Alang, Ujung Gagak, Klaces na Panikel, ambavyo kwa pamoja huitwa Kampung Laut, yaani kijiji cha bahari, na ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilitengwa na tarafa ya Kawunganten ili viwe tarafa inayojitegemea chini ya wilaya ya Cilacap.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki angeyatambua mazingira hayo bila kuelekezwa sana, kwa sababu miti inayolizunguka hori ni ya ukoo uleule unaoota Rufiji na Lamu: mkoko wenye mizizi ya magoti, mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka kwenye tope, mlilana unaotangulia mbele majini, na muia unaosimama nyuma ya wenzake. Kaa wakubwa wa mikokoni hupatikana kote kuwili, na maisha ya mvuvi huongozwa na bamvua na maji mafu huko kama huku. Tofauti iliyo wazi ni mnipa, mti mfupi wa jamii ya mnazi usio na shina la kuonekana, ambao hufunika kingo za mito na ambao makuti yake yalikuwa kwa muda mrefu ndiyo paa la nyumba za Kampung Laut. Nyumba hizo zilijengwa juu ya nguzo zilizokitwa majini, zikiunganishwa kwa vidaraja vya mbao, na wakazi wake walikwenda kwa mitumbwi kuchota maji ya kunywa kwenye chemchemi za Nusakambangan.

Wajava na Wasunda ni mataifa mawili makubwa kuliko yote ya Indonesia. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu Wajava wapatao milioni 95 na Wasunda wapatao milioni 36, na ingawa wanaishi kisiwa kimoja na wengi wao ni Waislamu, lugha zao hazisikilizani, na kumbukumbu zao za kale zimejengwa juu ya falme tofauti. Mpaka baina yao ni wa zamani sana. Bujangga Manik, mtawa wa Kisunda ambaye safari zake zimehifadhiwa katika utenzi ulioandikwa juu ya majani ya mti wa jamii ya mtende na ambao uliingia maktaba ya Bodleian mjini Oxford katika karne ya 17, anauchukulia mto Cipamali wa pwani ya kaskazini kuwa ndipo nchi ya Sunda inapokoma na Java inapoanza. Upande wa kusini alama kama hiyo iliwekwa na Citanduy na hori lake, na katika nchi za juu ya mto huo, katika wilaya ya sasa ya Ciamis, ndiko ulikokuwa mji wa Kawali, makao ya wafalme wa Sunda na Galuh katika karne ya 14.

Kati ya falme za Wajava na za Wasunda kuna jeraha moja ambalo halijasahauliwa. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1357 mfalme wa Sunda alimpeleka binti yake aolewe na Hayam Wuruk, mfalme wa dola ya Kijava ya Majapahit, na kwamba msafara wake uliuawa katika uwanja wa Bubat baada ya waziri Gajah Mada kudai kuwa binti huyo aletwe kama kodi ya utii na si kama bibi harusi. Wanahistoria wanajadiliana juu ya uzito wa masimulizi hayo, lakini athari yake katika jamii haina shaka, kwani hadi leo zipo familia zinazosita kuoza Msunda kwa Mjava, na ni mwaka 2018 tu ndipo jiji la Bandung, mji mkuu wa Wasunda, lilipopata barabara zenye majina ya Majapahit na Hayam Wuruk katika juhudi rasmi za kupatanisha. Upatanisho wa majina ya barabara ni jambo jema, lakini historia ya vijiji vya Segara Anakan inaonyesha kwamba watu wa kawaida walikwisha kulazimika kuishi pamoja kwa sababu za riziki, pasipo kungoja wakuu wao wapatane.

Masimulizi ya wenyeji wa Kampung Laut yanasema kwamba mababu zao walikuwa askari wa Mataram, dola ya Kijava iliyopata nguvu mwishoni mwa karne ya 16, na kwamba waliwekwa horini ili kulinda maji hayo dhidi ya maharamia, kisha wakabaki wakawa wavuvi. Habari hiyo inaafikiana na yale yanayojulikana kuhusu siasa za wakati huo, maana Mataram iliitiisha Galuh na nchi nyingine za Wasunda za Priangan, na mfalme wake, Sultani Agung, aliishambulia Batavia ya Waholanzi mara mbili, mwaka 1628 na 1629, akitumia pia watu kutoka nchi hizo za magharibi. Nusakambangan nayo ilikuwa na heshima ya pekee katika kasri za Kijava, kwa kuwa ua la wijayakusuma, lililoaminiwa kuthibitisha uhalali wa mfalme, lilitafutwa huko, na wajumbe wa kasri la Surakarta walisafiri hadi pwani hiyo ya mbali kulichuma pale mfalme mpya alipotawazwa. Kwa mikataba ya mwaka 1677 na 1705 Mataram iliikabidhi Priangan kwa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, lakini nchi ya Banyumas, ambayo Cilacap ni sehemu yake, ilibaki chini ya wafalme wa Kijava hadi mwisho wa vita vya Diponegoro mwaka 1830, hivyo kwa zaidi ya karne moja hori na majirani zake lilikuwa ukingoni mwa tawala mbili. Baadaye Waholanzi walikigeuza kisiwa cha Nusakambangan kuwa mahali pa magereza, wakianza na gereza la Permisan la mwaka 1908, na kazi hiyo kisiwa kinaifanya hata sasa.

Lugha ya Kampung Laut ni Kijava cha Banyumas, lahaja ambayo watu wa kasri za Yogyakarta na Surakarta huiona kuwa ya shamba, kwa sababu imehifadhi irabu “a” mahali ambapo wao hutamka “o”, na kwa sababu wasemaji wake hawajishughulishi sana na ngazi za heshima. Ngazi hizo ni mfumo wa maneno tofauti kwa jambo lilelile kutegemea cheo cha anayesema na anayeambiwa, na katika Kijava cha kasri zimeendelezwa kwa ufundi mkubwa. Wasunda, ambao lugha yao ya kale haikuwa na mfumo huo, waliupokea kutoka kwa Mataram katika karne ya 17 na kuufanya wao. Matokeo yake ni kwamba, pale mkulima kutoka Ciamis anapokutana na mvuvi wa Ujung Gagak, ni Msunda anayebeba adabu ya kasri la Kijava, naye Mjava anajibu kwa lugha ya wazi isiyopambwa. Wanaopenda kuzigawa tamaduni hizi mbili kwa mstari mnyoofu hawana budi kulizingatia jambo hilo, maana linadhihirisha kwamba umbali kutoka ikuluni uliumba tabia ya watu kwa nguvu ileile ya ukoo wao.

Yote haya yangebaki kuwa historia ya kawaida ya mpaka kama hori lenyewe lisingekuwa linakufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo la maji la Segara Anakan lilizidi hekta 6,000, na kufikia katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 21 halikufika hekta 1,000. Kiasi cha tope kinacholala humo kimekadiriwa kuwa mita za ujazo milioni moja hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huletwa na Citanduy kutoka milima ya Tasikmalaya na Ciamis, ambako misitu ilikatwa, miinuko ikalimwa, na mvua za kitropiki zikaikuta ardhi iko wazi. Mlima wa volkano wa Galunggung, uliolipuka kuanzia Aprili 1982 hadi Januari 1983, uliongeza majivu na mchanga katika mito iliyokuwa tayari imelemewa, na uharibifu wa misitu ya serikali uliofuata msukosuko wa uchumi na kuanguka kwa utawala wa Suharto mwaka 1998 ulizidisha hali hiyo. Udongo wa nchi ya Wasunda ulishuka na mto ukafunika maji ya wavuvi wa Kijava. Si tukio la ghafla kama vita, lakini limebadilisha maisha ya watu wa hori kuliko vita vyovyote vinavyokumbukwa.

Kilichofuata ndicho kiini cha historia ya karibuni ya Kampung Laut. Pale tope lilipokauka, ardhi mpya ilizaliwa, nayo huitwa tanah timbul, maana yake ardhi iliyoibuka, na habari za ardhi isiyo na mwenyewe zilisafiri haraka hadi kwenye vijiji vya milimani ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa mno. Wakulima wa Kisunda walishuka kutoka magharibi wakiufuata udongo uliowatangulia, wakiwa na ujuzi wa kuchimba mifereji, kujenga matuta na kupanda mpunga, ujuzi ambao wavuvi hawakuwa nao. Walikuja pia Wajava wa bara, hivyo vitongoji vipya vikawa na watu wa asili mbalimbali, na katika baadhi yake Kisunda ndicho kikawa lugha ya nyumbani. Wavuvi, ambao nyumba zao za nguzo zilijikuta zimesimama juu ya nchi kavu, waliwatazama wageni hao kwanza kwa mashaka, kisha wakaanza kujifunza kutoka kwao, na wengi wakawa watu wa kazi mbili, wakilima msimu wa mvua na kuvua bamvua inaporudi. Uvuvi wenyewe ulikwisha kubadilika kwa ujio wa apong, wavu wa mfuko unaofungwa kwenye nguzo mbele ya mkondo ili unase kamba na samaki maji yanapokupwa. Nyavu hizi zina matundu madogo na hukamata hata wachanga, na mikondo ilivyozidi kuwa myembamba ndivyo zilivyozidi kusongamana.

Katika sherehe mchanganyiko huo unaonekana kwa upole zaidi. Mwezi wa Sura, ambao ndio Muharram katika kalenda aliyoiunda Sultani Agung mwaka 1633 kwa kuunganisha hesabu ya Kiislamu na ile ya kale ya Saka, jamii za pwani hiyo hufanya sedekah laut, sadaka ya bahari, ambapo vyakula na kichwa cha mnyama hupelekwa majini, na kwa wengi sadaka hiyo huhusishwa na Ratu Kidul, malkia wa bahari ya kusini. Upande wa pili wa Citanduy, huko Pangandaran, wavuvi wa Kisunda hufanya ibada ya namna hiyohiyo wakiiita hajat laut. Katika muziki, ala ya mianzi iitwayo calung iko pande zote mbili, ila Msunda huibeba mkononi na kuipiga akiwa amesimama, ilhali ya Banyumas huwekwa kwenye fremu na kuongoza ngoma ya lengger. Hata katika wayang, mchezo wa vikaragosi ambao kwa Wajava huchezwa zaidi kwa ngozi na kwa Wasunda kwa mbao, kuna undugu unaostahili kutajwa: katika kasri za Kijava mtumishi mcheshi Bagong ndiye kitinda mimba wa mzee Semar, lakini Banyumas humwita Bawor na kumfanya kifungua mimba, kama vile Wasunda wanavyomfanya Cepot wao. Watu wa pembezoni, Wajava kwa Wasunda, walimpa heshima ya mkubwa yule anayesema kweli bila kupamba.

Jitihada za kuliokoa hori ziliugeuza mpaka huo wa utamaduni kuwa ugomvi wa utawala. Katika mradi wa hifadhi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia ulioidhinishwa mwaka 1996, ilipendekezwa kwamba mdomo wa Citanduy ugeuzwe ili tope limwagwe moja kwa moja baharini katika ghuba ya Nusawere. Watu wa Java Magharibi walipinga kwa nguvu, kwa hoja kwamba tope hilo lingewaharibia wavuvi wao na fukwe za Pangandaran zinazoleta watalii, na mradi ukaishia kwenye uchimbaji wa tope na kazi ndogo zaidi. Hoja yao haikuwa ya ubinafsi mtupu, lakini ni vigumu kutoona kwamba wavuvi wa Kampung Laut waliachwa wabebe peke yao mzigo uliotengenezwa mbali na nyumba zao.

Ardhi iliyoibuka nayo haijapata utulivu. Shirika la misitu la serikali, Perhutani, hudai sehemu yake kuwa hifadhi ya misitu, mamlaka za magereza hudai iliyogusana na Nusakambangan, na wanakijiji hushikilia kwamba waliisafisha na kuilima kabla ofisi yoyote haijaichora kwenye ramani. Katika madai hayo wavuvi wa zamani na wakulima waliokuja baadaye wamejikuta upande mmoja, kwani asiye na hati ya shamba hawezi kukopa kwa dhamana yake wala kuwarithisha watoto kwa uhakika, na hali hiyo ni moja kwa Mjava aliyezaliwa juu ya maji ya Ujung Alang na kwa Msunda aliyeshuka kutoka Ciamis.