Kubembeleza

Kubembeleza ni kumtuliza mtu kwa sauti ya chini, maneno laini na mguso hadi anyamaze, alale au akubali. Mdaiwa humbembeleza mwenye duka, lakini makao hasa ya neno hili ni mawili: mama na mtoto, na wapenzi. Kitenzi hicho, chenye undugu na bembea, hakibadiliki katika makao yote mawili. Anayefanyiwa naye, awe kitoto cha miezi sita au mtu mzima mwenye ndevu, husemwa anadeka.

Mapenzi hayo mawili yanakutana waziwazi katika Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Seyyid Said wa Zanzibar. Akiwa mgonjwa, alimwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, aketi karibu, asikilize wosia. Wosia huo wa beti 102 husomwa mara nyingi kama sheria ya utii wa mke, na utii umo kweli, tena mwingi. Lakini beti zinazokaa moyoni ni zile za mikono: mume akilala asiachwe peke yake, aegemewe, apapaswe, apepewe, asiamshwe kwa kelele, akizindukana amkute mkewe papo hapo. Kisha mtunzi anasema atunzwe kama mtoto asiyejua kunena. Mambo ya chumbani, basi, yanafundishwa kwa kanuni za ulezi, na mwanafunzi alikwisha kuzionja mwenyewe alipokuwa akipakatwa. Nani atampepea mke, wosia hauulizi.

Ukaribu huo wa mapenzi mawili umechunguzwa hata kwenye ubongo. Mwaka 2004 watafiti Andreas Bartels na Semir Zeki wa London walichapisha picha za ubongo wa akina mama wakitazama picha za watoto wao, wakazilinganisha na za wapenzi walizozitoa mwaka 2000. Kwa wote, sehemu kadhaa zinazohusika na raha ziliamka, na zile za kuwapima na kuwahukumu wengine zikapoa. Tofauti zilikuwepo: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi iliamka kwa wapenzi tu.

Ngozi nayo ina neva zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Wazazi na wapenzi huuangukia mwendo huo wenyewe, bila kuhesabu.