Nyumba ya Udongo na Nyumba ya Mawe: Makao ya Tippu Tip huko Kasongo na Unguja

Kusini mwa Kindu, katika mkoa huo huo wa Maniema, lipo eneo liitwalo Tongoni. Msemaji wa Kiswahili hulielewa jina hilo mara moja: tongo ni mahali palipohamwa. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tangu miaka ya 1870, na baadaye ya mwanawe Sefu.

Huko bara hakukuwa na mawe ya matumbawe. Kuta zilijengwa kwa udongo. Hata hivyo, udongo huo haukuwa dalili ya ufukara. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji mwezi wa Aprili 1893, daktari Mwingereza Sidney Hinde alijipatia chumba chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, ambacho mlango wake ulielekea bustani ya michungwa. Aliandika pia juu ya vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri. Sefu aliuawa vitani mwaka huo huo. Ukuta wa udongo usiokandikwa upya humalizwa na mvua. Nyumba zikarudi ardhini.

Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurejea Unguja. Nyumba yake ya mtaa wa Shangani, alikofariki mwaka 1905, ilijengwa kwa mawe na chokaa, ikawa na mlango wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Autazamaye mlango huo hana budi kukumbuka kwamba utajiri wa mwenyewe ulitoka kwa kiasi kikubwa Maniema: meno ya tembo, pamoja na watu waliotekwa na kuondolewa makwao.

Sehemu moja ya nyumba ya Kasongo haikuanguka, nayo ni baraza. Neno hilo liliingia hata katika Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo kwa umbo la «barza», likimaanisha ukumbi wa mbele wa nyumba. Mwishoni mwa karne ya 20, huko Kivu ya Kaskazini, likawa jina la chombo cha kupatanisha makabila.

Kwa hiyo, historia ya nyumba ya Shangani ikianzia mlangoni pake, huwa imeanzia katikati. Mwanzo wake uko Tongoni.