Kusoma na Kazi katika Nchi za Ziwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kusoma na kazi ni ndugu wa tumbo moja, kwamba alipo mmoja hakosi kuwapo wa pili. Habari za nchi yetu ya ziwa, toka Bukoba mpaka Musoma, zaonyesha kwamba ni ndugu kweli, lakini hawakai nyumba moja siku zote.

Kusoma kulifika huku pamoja na misioni. Mapadre Weupe walikaa Bukumbi mwaka 1883, na Waingereza wa C.M.S. wakafika Nassa mwaka 1888. Katika Buganda na Bukoba mtu aliyeingia dini aliitwa msomaji, maana kitabu ndicho kilichokuwa alama yake. Siku hizo hapakuwa na aliyesoma ili apate mshahara. Lakini serikali ya Wadachi ilihitaji makarani, nayo ikawatoa wengi pwani, katika shule yake ya Tanga, ikawatuma bara. Kwa hiyo katika maboma mengi kalamu ilishikwa na mgeni, na mwenyeji akashika jembe.

Bukoba walipata shule mapema, tena kahawa yao ilileta fedha. Hata mwaka 1924 makarani wa Kihaya waliweza kuanzisha chama chao, Bukoba Bahaya Union. Usukumani mambo yalikuwa mengine. Mtu mwenye ng'ombe na pamba hakuona sababu ya kumtoa kijana wake machungani ampeleke darasani, wala mimi simlaumu. Ng'ombe huzaa ndama kila mtu akaona. Daftari halizai kitu machoni pa mtu.

Kilichogeuza mawazo yake si mahubiri yetu walimu, ila ni mizani. Mkulima alibeba pamba yake kichwani mpaka kwa mnunuzi, ikapimwa, akaambiwa uzito, akalipwa. Asiyejua tarakimu alipokea alichopewa. Manung'uniko yakawa mengi, hata karibu na mwaka 1950 wakulima wa Ukerewe na Usukuma wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wajuao kusoma, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakikisha. Hao ndio walikuwa mbegu ya ushirika. Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama uitwao Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Tazama basi kazi zilizozaliwa: mpimaji, karani wa chama, mtunza fedha, mweka stakabadhi. Kila chama cha msingi kilihitaji watu kama hao, na waliohitajiwa walikuwa wana wa mahali pale.

Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hivi hawakujua kusoma. Miaka miwili kabla yake mataifa yalikuwa yamekutana Teheran, yakapatana kujaribu namna mpya ya kufundisha watu wazima, ambayo kwayo mtu husoma kwa habari ya kazi yake mwenyewe. Nchi 11 zilichaguliwa, na Tanzania ikawamo. Mahali palipochaguliwa ni huku kwetu: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Kazi ilianza mwaka 1968, makao yake Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Ikaitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi katika kitabu cha pamba, wa migomba na kahawa katika kitabu chake, mvuvi katika habari za samaki. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la busara kuliko kumfundisha mzee mwenye wajukuu kwa kitabu cha mtoto.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vitabu vya ziwa vikaenea nchi nzima. Wengi waliofundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Hivi kwamba mtu wa kwanza kupata fedha kwa kisomo alikuwa ni mfundishaji, si mfundishwaji. Mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa 39 katika 100, na mwaka 1977 walikuwa 27.

Je, kazi ziliongezeka? Hapa yapasa tuseme kweli. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake, nao walisoma kupanda kwa mistari na kupulizia dawa. Lakini fedha za pamba ziliingia mara nyingi mkononi mwa mume. Mwanamke alipata kusoma barua yake pasipo mpelelezi, na hilo ni kubwa, ila mshahara hakuupata. Na bei ya pamba iliposhuka, kitabu cha pamba hakikuweza kuipandisha.

Baadaye, katika miaka ya 1990, viwanda vya sangara vilijengwa Mwanza na Musoma. Kati ya 1997 na 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wetu mara kadhaa, na masharti ya usafi yakawa makali: kila shehena iwe na maandishi yake. Mlango wa kiwanda ukawa mwembamba kwa asiyejua kujaza karatasi, akabaki mwaloni na wavu wake. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta wenye kusoma ni 78 hivi katika 100 nchini mwote, yaani kazi iliyoanzia Mwanza ilikuwa haijaisha. Na katika mialo yetu, kamati za wavuvi ziitwazo BMU zatakiwa kuwa na katibu mwenye kuandika, naye hutafutwa kwanza kati ya wavuvi wenyewe.